Meli Iliyozikwa Kabuchai

Siku tulipomzika Baharia, kijana mmoja wa kanisa alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mtumishi wa serikali kule Pwani, halafu akaruka moja kwa moja hadi kwa watoto, wajukuu na ng'ombe wa maziwa. Mtumishi wa serikali. Hata yule anayefungua geti kwa chifu ni mtumishi wa serikali. Mimi nilikuwa upande wa sufuria na akina mama wenzangu. Nikauliza kwa sauti, "Na meli je?" Watu wakageuka. Mama mmoja akanivuta leso nikae. Nikakaa, kwa sababu jeneza lilikuwa mbele yetu na mimi si mtu wa kuvuruga jeneza. Lakini kukaa si kunyamaza, na sasa nasema.

Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa nikalee watoto wa shangazi. Nimeuza ndizi soko la Kitale tangu mgongo wangu ukiwa bado umenyooka, na pale sokoni nimeongea kuliko redio. Kuandika kwangu ni kuongea kwa kalamu. Anayetaka habari iliyonyooka kama reli, reli iko Bungoma, aende akaiangalie, na nayo pia ina kona zake.

Kuzaliwa kwa Baharia sitasema, wala baba yake, wala mbari yake. Hayo yalisemwa mpaka yakabaki. Nasema mtu niliyemwona kwa macho yangu juu ya ua wa michongoma, kwa sababu boma lake la Kachibora na langu yaligusana, na kuku wake na wangu hawakujua mpaka ni kitu gani. Sote wawili asili yetu ni Kabuchai, kule Bungoma, tulipanda huku kutafuta shamba. Jina alikuwa nalo, lakini hata mke wake alimwita Baharia, hata mchungaji wakati wa kumpa ushirika.

Asubuhi, kabla ya chai, alifagia uwanja. Mwanamume, tena mzee, tena mwenye mke na wakaza-wana ndani ya boma. Wageni wakipita barabarani walifikiri amelaaniwa. Na hakufagia kama sisi, tunaotupa ufagio huku na huku tukiwa tunasalimiana. Alianza pembe ya choo, akaja wima mpaka ghala la mahindi, akageuka, akarudi, na kila mstari ulikula kipande cha mstari uliotangulia. Ukikatiza mbele yake kabla hajamaliza, alisimama, akainua ufagio juu kama askari anayesimamisha lori, na wewe ukarudi ulikotoka. Nilimwona akimrudisha askofu, na kanzu yake yote.

Nikamuuliza siku moja, "Baharia, hapa ni safi tangu jana. Unafagia nini?"

"Nafagia nijue, Mayi." Mayi kwetu ni mama, na hakuwahi kuniita vingine. "Pasipofagiliwa pia panaweza kuwa safi. Lakini nani anajua?"

Nilifikiri ni maneno ya mzee. Nilikuwa bado sijaelewa meli.

Halafu kulikuwa na hii mambo ya chuma. Hakuvaa chuma. Mshipi wake ulikuwa wa kitambaa, saa hakuwa nayo, funguo za nyumba alibeba mke. Alikula kwa kijiko cha mti. Jembe na panga alishika, si angekula nini, lakini akimaliza aliviacha kwenye kibanda kando ya geti, havikuingia uwanjani. Ukimuuliza, alisema chuma kinaamsha kilicholala. Wengine walisema ni uchawi, na kuna mwaka kijiji kilikosa mvua wakaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Yeye akaendelea kufagia. Mvua ilipokuja ikamnyeshea akiwa katikati ya mstari, na hakuukatiza.

Sasa nieleze meli. Kuna mabomu ya majini. Watu wa vita huyatega yakae chini ya maji, yamefungwa kwa mnyororo, yanaelea pale kama boga lililoachwa kwa kamba yake, na kutoka juu huyaoni. Meli kubwa ikigusa, kwisha. Mengine hayangoji hata kuguswa. Yakisikia chuma kinapita juu, yanaamka. Kwa hiyo kuna meli ndogo ambazo kazi yao ni kutangulia. Hizo hutengenezwa kwa mbao, na pale panapotakiwa chuma wanaweka shaba, ili bomu lisisikie mtu amekuja. Nyuma zinavuta waya mrefu wenye meno. Waya ukikuta mnyororo unaukata, bomu linaibuka, wanalipiga risasi kwa mbali. Wanaenda mstari, wanageuka, wanarudi, na kila mstari unakula kipande cha mwenzake. Umeona? Ndio ule uwanja.

Baharia alifanya kazi katika meli moja tu ya namna hiyo, tangu kijana mpaka alipotoka jeshi la maji. Jina lililopakwa ubavuni hakulitaja. Alisema jina la meli ni kama jina la mama mkwe, unalijua lakini mdomo wako hauna kazi nalo. Aliiita Yule Mama. Ilikuwa ndogo. "Kutoka hapa mpaka choo chako, Mayi, na kidogo," aliniambia, na choo changu hakiko mbali. Ilinunuliwa ikiwa imetumika huko kwa watu wa baridi, kama vile koti la mitumba linavyokuja na karatasi ya mtu mwingine mfukoni. Ilinuka dizeli, lami na vitunguu. Wimbi dogo tu, chai ilihama kikombe. Mpishi alikuwa mtu wa huko huko Pwani, mnene, anayeimba, na Baharia alimpenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Ndugu zake walijua.

Nisije nikamfanya malaika. Kwa wanawe alikuwa mgumu. Alijua kila ubao wa ile meli, ubao upi uliliaje usiku, na hakujua mwanawe wa tatu yuko darasa gani. Samaki hakula. Kuogelea hakujua, na alituambia bila haya kwamba wengi wao hawakujua. Na mto aliuogopa. Tukienda mazishi upande ule wa Nzoia, akifika darajani anavua kofia, anaishika kifuani, anapita katikati kabisa, haangalii maji. Nikamcheka.

"Mtu wa bahari anaogopa mto?"

"Bahari niliifagia," akasema. "Huu hakuna mtu ameufagia."

Sasa kulikuwa na Sajini, na bila Sajini hii habari haiendi. Sajini alikuwa jeshi la nchi kavu. Alipigwa risasi ya paja, kipande cha chuma kikabaki ndani karibu na mfupa, daktari akasema kikae hapo hapo kisije kikaleta mengine. Alitembea na fimbo yenye ncha ya chuma, unaisikia barabarani kabla hujamwona. Yeye na Baharia walikuwa bakoki, kila mmoja mkoki wa mwenzake, yaani walitahiriwa msimu mmoja, na kwetu bakoki wana ruhusa ya kutukanana mpaka kaburini, na ni mwiko kukasirika.

Sajini akipata watu, pale buchari ya Kachibora, siku ya soko hasa, alianza.

"Hebu waambie hawa, mkoki. Hiyo miaka yote mlikuwa mnafagia maji. Mlipata mabomu ngapi?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Ati jeshi. Mimi mvua ikikuja, mguu unaniambia kabla ya redio. Wewe vita ilikuachia nini? Kikohozi ya chumvi?"

"Iliniachia miguu mbili, bana. Wewe ulienda kutafuta risasi ukaipata. Mimi nilitafuta bomu nikakosa. Kati yetu nani alijua kazi?"

Watu walicheka mpaka mwenye buchari akasahau kupima nyama. Sajini naye alicheka, akamnunulia chai. Ndivyo ilivyokuwa, mwaka nenda mwaka rudi. Lakini mimi nilikuwa jirani. Mimi niliona kwamba siku Sajini alipouliza lile swali, Baharia akirudi nyumbani alichukua ufagio akafagia uwanja mara ya pili, jioni, na mke wake akapita na maji kwa kuzunguka nyuma ya nyumba bila kuambiwa.

Kuna siku moja peke yake waya ulishika kitu, na hii alipenda kuisimulia mwenyewe. Meli ilivutwa nyuma kama ng'ombe aliyeshikwa mkia. Kapteni akasema kila mtu alale chini. Mpishi alilala juu ya sufuria ya maharagwe, akaungua tumbo, na hakutoa sauti. Wakavuta waya polepole, polepole, kila mtu anasema sala za kwao kwa lugha ya kwao. Mwisho kikatoka kitanda. Kitanda cha chuma, cha kuwekewa godoro, kimeota konokono wa bahari na majani marefu kama ndevu. Hakuna aliyecheka. Walikitazama, mpaka kapteni akasema, haya, twendeni mstari ule mwingine. Kicheko kilikuja kesho yake, na mpishi mwenye tumbo la malengelenge ndiye alianza.

"Kwa hiyo ulipigana na kitanda," Sajini alisema.

"Na nikakishinda. Wewe chako kinakushinda kila asubuhi."

Maneno yake mengine nayabeba mpaka leo. Alisema kazi ikifaulu haina hadithi. Alisema mtu anayeangalia mbele tu atagongwa na anachokivuta nyuma. Na lile kubwa, ambalo alilisema akiwa amekasirika, kwa hiyo hakulisema mara nyingi: "Usiniulize nilipata nini. Niulize nani alipita."

Sasa siku moja simu ya mke wake ikalia, Baharia akaitwa. Alikuwa yule mpishi wa meli, amezeeka, anaongea kama mtu aliye ndani ya kisima. Yule Mama amevunjwa. Mbao zilikuwa zimekwisha, hakuna wa kulaumiwa, chombo cha mti kina siku zake. Mbao zake zimeenda kuwa kuni za tanuri la chokaa. Baharia akauliza, zote? Mpishi akasema zote. Kabla ya mahindi kuvunwa mwaka huo mpishi naye akaenda, na wale wengine walikuwa wametangulia zamani. Baharia akabaki peke yake, mtu mmoja na meli nzima kichwani.

Alikuja mpaka kwenye ua wa michongoma akasimama.

"Mayi, nataka mgomba."

Nilifikiri anataka chipukizi la kupanda. Nikamwambia achague. Akasema hapana, mgomba wa kuzika.

Hapa asiye wa kwetu anielewe. Mtu wetu akifia mbali, akazama majini au akapotea nchi za watu, na mwili haukurudi, hatumwachi hivyo. Tunakata mgomba, tunaufunga shuka, tunauzika nyumbani kama mtu. Halafu maisha yake yanasemwa, na anatulia, na sisi tunatulia.

"Nani amepotea?" nikauliza.

"Yule Mama."

Nikamwangalia vizuri. Macho yalikuwa safi, hakuwa amekunywa.

"Baharia, huo ni ubao."

"Ulichomwa kama kuni na hakuna mtu alisema neno. Mimi ndiye nimebaki. Nikienda kabla haijasemwa, Mayi, itakuwa haikuwahi kuwa."

Kwa hiyo hicho ndicho alichotaka: mgomba, shimo Kabuchai kwa ardhi ya baba yake, na mtu wa kuisema. Mahali kati ya makaburi ya watu hakutaka, wala hakutaka kuudhi mtu. Na kila mtu akaudhika.

Mchungaji alisema hapana na akafungua kitabu kuonyesha kwa nini. Ndugu zake wa Kabuchai walisema mgomba ni wa mutu, si wa chombo, leo meli, kesho mtu atataka kuzika baiskeli. Wanawe walisema baba, watu watasema umerukwa na akili. Akawasikiliza wote, kila mmoja mpaka mwisho, akajibu vilevile: "Shamba ni yangu."

Kuhusu kusema, tulienda Kanduyi. Pale karibu na uwanja wa mpira alikaa mzee anayesema kwenye matanga makubwa, na kwa kuwa ni kaka yangu wa ukoo mimi ndiye nilimpeleka Baharia. Asemapo huyo, watu hukaa pande mbili, katikati panabaki njia wazi, naye anatembea na fimbo, anaenda, anarudi, anasema marehemu na watu wake na yatakayokuja. Huo uwanja tunauita kumuse. Si kila mtu anasemewa, na si kila mtu anasema. Mwanamke hasemi kabisa.

Kaka yangu alitukaribisha chai. Akasikiliza. Akacheka kidogo, kwa heshima, mkono mdomoni.

"Sasa mimi nitasema nini? Hiyo meli ilioa nani? Ilitahiriwa na akina nani?"

Baharia akasogeza kiti. Akamuuliza, "Mzee, wewe ukisema unatembea namna gani?"

"Naenda, narudi."

"Na mtu akikatiza mbele yako?"

"Hakatizi. Hata mbwa anashikwa."

"Kwa nini?"

"Si ndivyo iko tangu zamani."

"Wewe unafagia, mzee," Baharia akasema. "Unatangulia mbele ya watu, unaangalia kama kuna kitu kimelala hapo. Kazi yetu ni moja."

Kaka yangu aliweka kikombe chini. Nilifikiri amekubali. Halafu akatikisa kichwa. "Umesema vizuri. Lakini sikuji. Na nikuambie kitu, usiseme sikukuambia. Wewe ulikuwa ndani ya hiyo meli. Ukizika mgomba wake, umejizika na wewe."

"Nilikuwa ndani," Baharia akasema. "Ndiyo maana."

Tukatoka. Barabarani, kati ya wauza viatu na mama wa mahindi ya kuchoma, akasimama akaniambia, bila kuniangalia, "Mayi, wewe unajua kuongea."

Nikamwambia mimi ni mwanamke. Akasema amejua hivyo kwa muda. Nikamwambia watanisema mpaka nife. Akasema, "Unauza ndizi Kitale. Walishaanza." Nikatembea mbele yake. Lakini kufika nyumbani nilianza kumuuliza maswali, na mtu anayeuliza maswali ameshakubali.

Ikabaki mgomba wenyewe, na hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote. Kwetu Kabuchai husema hivi: aliyepotea akiwa na watoto, kata mgomba uliozaa mkungu. Aliyepotea bila kuzaa, kata ule ambao haujazaa. Ukikosea umemdhulumu, na hatalala. Sajini alisikia habari akaja mpaka shambani kwangu, fimbo inalia juu ya mawe, akatukuta tumesimama kati ya migomba.

"Hapa hakuna swali," akasema. "Mlipata mabomu ngapi? Hakuna. Kata hiyo kijana, ambayo haina kitu."

Nilimwangalia Baharia. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona mkoki akikasirikia mkoki. Akaongea pole pole, na kila neno alilitua chini kama gunia.

"Usiniulize nilipata nini. Niulize nani alipita. Meli za ngano zilipita. Za mbolea unayoweka kwa mahindi yako zilipita. Mafuta ya taa ambayo watoto wako walisomea yalipita njia ile, nyuma yetu. Wewe uliwahi kusikia moja imelipuka? Na kuna siku tulitumwa kubeba mama wa visiwani, amezidiwa na uchungu, bahari imechafuka, na alijifungua juu ya meza yetu ya kulia, mpishi akishika taa na macho amefumba. Mtoto msichana. Akalia, kapteni akalia. Halafu wewe uniambie haikuzaa."

Sajini alishika fimbo yake vizuri. Aligeuka akaenda. Fimbo yake niliisikia mpaka barabara ya lami, ikapotea.

Nilikata uliozaa. Mkungu wake nilikuwa nimeuuza wiki hiyo kwa mama wa hoteli pale Kitale, ndizi nzuri, nene. Wasiopenda wakatafute mgomba wao.

Sasa ile asubuhi ya Kabuchai, ambayo ndiyo nilitaka kuifikia tangu mwanzo. Miwa imesimama pande zote, umande bado. Wazee hawakuja. Wanawe hawakuja. Walikuja mke wake, mabinti wawili wa dada yake, na ndugu yake mdogo ambaye alisema amekuja kuangalia tu, akae pembeni. Shimo lilikuwa limechimbwa jana yake na jembe limeshatolewa. Baharia alisimama getini na kikapu cha makuti. Kila anayeingia aliweka humo funguo, bangili, simu, sarafu, hata pini ya nywele. Mke wake aliweka pete, akamwambia, "Hii nitaihesabu mara mbili nikitoka."

Mgomba tuliufunga shuka nyeupe. Baharia mwenyewe alikuwa ameufagia uwanja, mistari bado inaonekana.

Hapo tukasikia ncha ya chuma barabarani. Sajini alikuwa amevaa koti lake la jeshi, limembana tumboni, medali kifuani. Akafika getini akasimama.

"Mkoki, niingie?"

"Weka fimbo."

Akaweka fimbo. Akavua saa, akaiweka. Akavua medali moja moja, na vidole vyake si vya haraka, na sote tukangoja. Halafu akajiangalia paja.

"Na hii?"

Baharia alifikiri kweli kweli, kama hakimu. "Hiyo haitoki. Kaa hapo hapo nje. Wewe ni bomu."

"Basi mwishowe mmepata moja," Sajini akasema.

Mke wa Baharia ndiye alianza kucheka, na tukacheka wote mpaka nikasahau kuogopa. Nikashika ufagio wa Baharia mahali pa fimbo, kwa sababu fimbo ya wazee hakuna aliyenipa. Nikaingia kwenye njia.

Nilisema. Nilienda nikarudi. Nilisema Yule Mama ilikuja ikiwa imezeeka na haikukataa kazi. Nilisema mbao, shaba, vitunguu, chai inayohama kikombe. Nilisema kitanda, na tumbo la mpishi, na msichana wa mezani ambaye huenda sasa ni nyanya kama mimi. Nilisema majina ya wote waliolala ndani yake, kama Baharia alivyonipa, na sikuyachanganya. Nilisema tanuri la chokaa, kwamba hata mwisho ilijenga nyumba za watu. Ndugu yake mdogo alijisahau, akaanza kuvuka njia kwenda kivulini. Baharia aliinua mkono juu, wima, na yule mtu akarudi nyuma, akakaa chini kwenye umande.

Nikafika mwisho wa mstari, pale kichwani mwa shimo. Hapo msemaji huuliza na watu hujibu, lakini sikujua kama kuna atakayejibu. Nikauliza hata hivyo.

"Miaka yote hiyo, ilipata mabomu mangapi?"

Baharia alikuwa anaangalia chini. Kutoka getini sauti ikaja, ya paredi, ya kusikika mpaka mwisho wa miwa.

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Niligeuka. Sajini alikuwa amesimama bila fimbo, mguu mbaya unatetemeka, mkono umepanda kwenye paji la uso. Nikamwuliza yeye peke yake sasa.

"Na nani alipita?"

"Wote," Sajini akasema. Na Baharia akapiga magoti, akaanza kurudisha udongo kwa mikono.